Kipanga alivyohamia bustanini kwangu, na makosa niliyofanya kabla sijamwelewa

Nilikua sijawahi kuwaza habari za ndege wawindaji mpaka niliposhinda nyumbani miezi mitatu nikiuguza mgongo. Nikaona bora niwe na kitu cha kutazama dirishani kuliko kushinda na simu, basi nikaweka chombo cha mbegu juu ya nguzo katikati ya bustani na beseni la maji chini yake. Wiki mbili hakuja hata ndege mmoja. Alafu akaja shomoro, kesho yake wanane, baada ya mwezi hawahesabiki, shomoro, chiriku, tetere wanaokota zinazodondoka chini. Nilifurahi sana jamani, nikawa naamka mapema kwa ajili yao.

Sasa asubuhi moja bustani nzima ikanyamaza ghafla. Sekunde moja kuna ndege kama ishirini kwenye chombo, sekunde ya pili hakuna hata mmoja, na kitu cha kijivu kikapita chini chini kikifuata ua wa miti, kikapinda kona ya nyumba na kupotea, nyuma yake manyoya madogo yanaelea hewani yanashuka taratibu. Sikuona alivyomshika. Nilibaki nimesimama palepale moyo unanidunda.

Siku tatu baadae akarudi, na siku hiyo akatua kwenye tawi nikamuona vizuri. Mi nilikua najua jina moja tu, mwewe, maana wengi wetu kila kinachonyakua vifaranga tunakiita mwewe basi. Kumbe huyu ni kipanga. Mwewe ukimwangalia angani ana mabawa marefu na mkia wenye kama pengo katikati, anazunguka taratibu juu akitafuta mizoga na wanyama wadogo. Kozi ana mabawa yaliyochongoka, huyo anashuka kwa kasi kutoka juu kwenye uwazi. Kipanga ni tofauti, mabawa yake ni mafupi ya duara na mkia mrefu, ameumbwa kwa ajili ya kukata kona katikati ya matawi, ndo maana bustani yenye miti na ua inamfaa kuliko uwanja. Ana miguu myembamba mirefu na jicho la njano linalokuangalia mpaka unajisikia umekosea kitu.

Kitu kingine kilichonichanganya, mara nilikua naona mdogo mara mkubwa nikadhani ni aina mbili. Ni dume na jike. Kwa ndege wawindaji wengi jike ndo mkubwa, na kwa vipanga tofauti inaonekana wazi, mfano kipanga wa Ulaya dume ana gramu 110 mpaka 196 hivi, jike 185 mpaka 342. Kwa hiyo hata mawindo yanatofautiana, dume anachukua vidogo vidogo saizi ya shomoro na jike anaweza kumwangusha njiwa mzito kuliko yeye mwenyewe.

Hayo niliyajua baadae. Mwanzoni nilikua na hasira tu. Niliona nimewaita wale shomoro mwenyewe, nimewazoesha, alafu nimewapanga mezani kwa ajili ya mtu mwingine, na hiyo hatia ilinifanya niwe natoka nje nikipiga makofi, nikigonga sufuria, siku moja nilirusha na jiwe. Halikumpata nashukuru Mungu. Usifanye hivo, kwanza nchi nyingi ndege hawa wanalindwa kisheria na kumdhuru ni kosa, pili haisaidii kitu, atasubiri uingie ndani.

Kosa kubwa lenyewe lilikua siku ya tetere. Kipanga jike alimshika chini kabisa karibu na beseni, akamkandamiza kwenye majani, akafungua mabawa kumfunika na kuanza kunyonyoa manyoya ya kifuani. Na tetere alikua hai. Hili hakuna mtu alikua amenitayarisha nalo. Kozi mdomo wake una kama jino pembeni, anauma shingo mawindo yanakufa upesi, lakini kipanga anaua kwa miguu, anabana na kuachia, anabana na kuachia, makucha yanaingia ndani, na kama mawindo ni makubwa inaweza kuchukua dakika nyingi na wakati mwingine anaanza kula kabla hayajafa. Niliangalia saa ya ukutani, dakika ya sita nikashindwa, nikafungua mlango nikakimbia nje nikipiga kelele.

Kipanga akaruka, tetere akabaki. Nilipomfikia mgongo ulikua wazi, bawa moja limekatika, ananiangalia. Nikamweka kwenye boksi, nikampigia daktari wa wanyama, akaniambia kwa upole kwamba kwa jinsi ninavyoeleza hakuna cha kufanya labda kumleta alazwe usingizi wa mwisho, na kabla sijapata usafiri alikua ameshakufa, baada ya karibu saa mbili za mateso. Na kipanga? Alirudi ndani ya saa hiyohiyo akamchukua mwingine. Kwa hiyo huruma yangu iliua ndege wawili badala ya mmoja, na yule wa kwanza nikamwongezea saa mbili za maumivu ambazo asingezipata kama ningekaa ndani. Nilikosa usingizi usiku ule, hata saivi naandika hapa bado linanichoma.

Jirani yangu mzee, ambae aliona yote kutoka ng'ambo ya ua, akaniita kesho yake. Nikamwamkia, akanijibu, akakaa kimya kidogo alafu akasema, "Mwanangu, yule ana watoto kwenye mti wangu. Ukimnyang'anya ataenda kutafuta tena, hana namna nyingine." Basi. Hakunilaumu. Akanionyesha kiota, rundo la vijiti karibu na shina juu kabisa, na chini ya mti yamejaa manyoya na madoa meupe ya kinyesi. Nilitaka nisogee nikapige picha akanishika mkono, akasema ukizoea kusimama hapa mama ataacha kuja na kunguru watajua njia. Tukarudi.

Kuanzia siku hiyo nikabadilika, nikaacha kutoka nje nikachukua daftari. Naandika saa, ametokea wapi, kapita wapi, kapata au kakosa, na ndo nikagundua jambo lililoniondolea hasira yote, huyu ndege anakosa sana. Mara tisa anakuja anatoka mikono mitupu, ya kumi ndo anapata, na hapo ni mtu mzima aliyezoea. Kuna siku nilimuona kaja mara nne amekosa zote, mara ya mwisho alitua juu ya ua manyoya yametanuka, mdomo wazi anahema, na mimi ambae mwezi mmoja nyuma nilimrushia jiwe nikajikuta namuombea apate chochote kabla giza halijaingia.

Kama unataka kuona uwindaji wenyewe na sio manyoya yaliyobaki tu, acha kumtafuta kipanga, wasikilize shomoro. Wana sauti mbili tofauti. Wakiona paka au bundi aliyelala wanapiga kelele nzito fupi fupi za kurudia rudia, wanamzunguka kabisa, yani wanamtangaza. Lakini kipanga akiwa hewani shomoro wanatoa mlio mmoja mwembamba mrefu, siiiii, alafu kimya, na hata ukitega sikio huwezi kujua umetokea upande gani. Nilidhani ni masikio yangu, kumbe mtafiti Peter Marler alishalieleza hilo tangu 1955, kwamba mlio mwembamba unaoanza na kuisha polepole unamfanya adui ashindwe kujua aliyeutoa yuko wapi. Ukiusikia huo usihangaike kugeuza kichwa huku na huku, angalia ndege wengine wamegandia upande gani, una kama sekunde mbili.

Jambo la pili ni njia. Kipanga wangu alikua na njia tatu tu na hakuwahi kuzibadilisha: nyuma ya banda, kando ya ua, na ile ya juu ya paa ambapo anakunja mabawa na kudondoka upande wa pili. Anatumia nyumba yako kama kificho. Nikishajua hivo nikahamisha kiti changu kikaelekea mwisho wa ua, nikawa namuona akija kwa umbali wa kutosha, anaruka nusu mita kutoka ardhini, anapiga mabawa mara tatu nne alafu anateleza, na mwisho kabisa anatupa miguu yote miwili mbele kama mtu anayetaka kusimama kwenye utelezi. Ile miguu ndo kila kitu. Watu wanaogopa mdomo ila silaha iko chini.

Darubini ya kawaida ya nane kwa arobaini na mbili (yani inakuza mara nane, lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42) inatosha, mi niliingia hasara nikanunua yenye nguvu zaidi na nikagundua kwa umbali wa bustani inatikisika mkononi na huwezi kumfuata ndege anayeruka kwa kasi ile. Kaa ndani ya chumba chenye giza nyuma yako, usivae nguo nyeupe, usisogeze mkono ghafla. Video sawa lakini nakushauri siku nyingi weka simu chini, nilizotazama kupitia kioo cha simu karibu zote sizikumbuki.

Ukikuta manyoya bustanini bila kuona kilichotokea, okota moja uangalie shina lake. Ndege mwindaji anang'oa, kwa hiyo shina linakua zima mpaka kwenye ncha, labda na alama ya kubanwa na mdomo. Paka anatafuna, shina linakua limevunjika au limekatwa na manyoya yameshikana kwa mate. Nilimlaumu kipanga kwa vifo ambavyo nusu yake vilikua vya paka wa mtaa, nilijua baada ya kuanza kuangalia mashina.

Kuhusu chombo cha mbegu, nilikua nimekiweka vibaya kabisa. Katikati ya uwazi, hakuna pa kujificha, shomoro akishtuka ana safari ndefu mpaka kwenye ua. Nikakisogeza kikawa kama mita mbili kutoka kwenye kichaka kinene, karibu kiasi cha kukimbilia ila sio karibu kiasi cha paka kujificha chini na kurukia. Mawindo yalipungua lakini hayakuisha, na sikutaka yaishe tena. Kuna kipindi kipanga alikua anakaa bustanini siku nzima ndege wote wanaogopa hata kunywa maji, hapo niliondoa mbegu kwa wiki mbili, ndege wakasambaa nae akahamia kwingine, niliporudisha mambo yakawa sawa. Hiyo ndo njia ya kumpunguza kama unaona imezidi, haina mawe wala makelele. Na kama una vifaranga nje, funika banda kwa wavu juu, usimlaumu ndege kwa mlango ulioacha wazi.

Sasa kioo. Mwaka wa kwanza mwishoni, watoto wa kipanga walipoanza kuwinda wenyewe, mmoja alikua anafukuza chiriku kuelekea nyumbani, chiriku akapinda, yeye akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la sebuleni. Mlio ule sitausahau. Alikua chini amelala chali, kifua chenye michirizi ya wima ya kahawia, hiyo ni dalili ya ndege mchanga, nikadhani amekufa nikamwinua kwa mikono mitupu. Akazinduka. Mguu ukafumba kwenye kiganja changu, ukucha wa nyuma ukaingia mpaka nikaona giza, na ukijaribu kuvuta ndo anabana zaidi. Nilikaa chini kwenye majani namngoja alegee mwenyewe. Kidonda kikaingia uchafu, nikatumia dawa wiki nzima, hela na siku za kazi zikapotea.

Ikikukuta, tafuta taulo kwanza. Mfunike kichwa na mwili wote, giza linamtuliza, mshike mabawa yakiwa yamekunjwa na miguu iwe mbali na wewe, muweke kwenye boksi lenye matundu madogo na kitambaa chini, funga, weka mahali pa kimya pasipo na baridi kali wala jua. Usimpe maji mdomoni, yataingia kwenye mapafu, wala usimlazimishe kula. Usimfungulie kila dakika kumchungulia. Kama ni mshtuko tu, ndani ya saa moja au mbili utamsikia anahangaika, peleka boksi nje ufungue mwenyewe ukae pembeni. Kama bawa linaning'inia au hawezi kusimama, ni wa daktari wa wanyama au watu wanaookoa wanyamapori, sio wa kufugwa nyumbani. Wangu alikaa saa moja na nusu akaruka. Kesho yake nilibandika vidoti vyeupe nje ya kioo, sentimita tano kutoka kimoja mpaka kingine, maana stika moja ya ndege katikati ya kioo kikubwa wanaipita pembeni tu. Na chombo cha mbegu kiwe ama chini ya mita moja kutoka dirishani ili asipate nafasi ya kuchukua kasi, ama zaidi ya mita kumi. Hapo katikati ndo panaua.

Jambo la mwisho ndo linaniuma kuliko yote na ndo hasa lililonifanya nikae niandike.

Mbegu zinazodondoka zilileta panya. Nikafanya ambacho kila mtu anafanya, nikanunua sumu nikaweka nyuma ya banda. Panya wakapungua, nikaona nimemaliza. Bustani ilikua na bundi pia, wale weupe wa uso wa moyo, anakuja usiku bila sauti kabisa maana kingo za manyoya yake zina kama nyuzi laini zinazoua mvumo wa upepo, nilikua nazima taa zote na kukaa na binti yangu wa miaka saba tunamsubiri. Bundi huyu anaweza kumkamata panya kwenye giza totoro kwa masikio tu. Binti yangu alikua amempa jina.

Tulimkuta asubuhi chini ya nguzo, mabawa yamefunguka, hana jeraha. Nilimpeleka kwa daktari tayari amekufa, akampasua akaniita nione, damu imejaa ndani kila mahali. Akaniuliza swali moja tu, unatumia sumu ya panya? Hizi sumu za kuzuia damu kuganda, brodifakumu na ndugu zake, hazimuui panya siku hiyohiyo. Anaishi siku kadhaa, anaendelea kula, anajaza sumu mwilini, alafu anaanza kulegea na kutembea ovyo kwenye uwazi, yani anakua mawindo rahisi kuliko wote. Bundi akimla sumu inabaki kwenye ini lake, akila wa pili na wa tatu inajumlishika.

Nilirudi nyumbani nikasoma usiku kucha. Nikakuta sio jambo geni hata kidogo, mwaka 1967 Mwingereza Derek Ratcliffe alichapisha vipimo vya maganda ya mayai ya kozi na vipanga, yalikua yamekua mepesi tangu dawa za wadudu kama DDT zilipoanza kutumika, mama akilalia yanavunjika. Marekani wakapiga marufuku DDT kwenye kilimo mwaka 1972. Dawa ile ilipita kwa wadudu, ikaingia kwa ndege wadogo, ikamkuta kipanga ambae yuko mwisho wa mstari. Mimi nilikua nimefanya kitu cha namna hiyohiyo kwenye bustani yangu kwa mkono wangu, wakati nilikua najiona mtu anayependa ndege.

Kumwambia binti yangu ilikua kazi ngumu. Nilifikiria kumdanganya kwamba bundi kazeeka. Nikamwambia ukweli, akalia, akakaa siku mbili haongei na mimi vizuri, siku ya tatu akaja kuniuliza tunawatoaje panya bila sumu, basi tukafanya pamoja. Mbegu zinaingia ndani kila jioni kabla ya giza. Chini ya chombo kuna trei ya kukinga zinazodondoka, naisafisha kila siku. Matundu ya banda tumeziba kwa wavu wa chuma. Na mitego ya kubana iko ndani ya boksi lenye tundu dogo ili ndege asiingie. Ni kazi zaidi ya sumu sitakuficha, kuna wiki nachoka. Sumu iliyobaki nilienda kuiuliza inatupwaje nikaipeleka walikoniambia, usiimwage tu jalalani.

Bustani ilikaa bila bundi miezi kumi na moja.

Kipanga yupo. Yule jike mkubwa nadhani ni yuleyule, macho yamekua ya chungwa zaidi kuliko mwanzo. Jana jioni binti yangu ndo alisikia siiiii kabla yangu, akaniwekea mkono begani nisisogee, na tukamuona akija kando ya ua, chini kabisa, akatupa miguu, akakosa. Akatua juu ya nguzo ya chombo chenyewe, mita sita kutoka kwetu, akajikung'uta, akatuangalia. Shomoro wote wako ndani ya kichaka hawatingishiki. Tulikaa hivo mpaka akaondoka, binti yangu akachukua daftari akaandika saa, njia ya banda, amekosa.